Injini Hutafuta Kurasa, Haimtafuti Mtu: Mhadhara kuhusu Kuwasaka Wataalamu Mtandaoni

Ndugu mwenyekiti, ndugu maofisa rasilimali watu, nanyi nyote mnaofanya kazi ya kuwatafutia waajiri watu wa kuwafaa, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa nizungumzie mbinu za kutumia intaneti kuwapata watu ambao hawajaomba kazi, yaani wale ambao tangazo letu halikuwafikia, au liliwafikia wakalipita kwa kuwa wanayo kazi tayari na wala hawana shida nayo. Sitaanza na amri za kuandika kwenye kisanduku cha kutafutia, ingawa najua wengi wenu mmekuja na kalamu kwa sababu hiyo hiyo. Nitaanza na jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalomtenga mtafutaji hodari na yule anayenakili tu amri za wenzake, nalo ni kwamba injini ya utafutaji, kama Google, haijui watu, inajua kurasa. Hulinganisha maneno tuliyoandika na maneno yaliyomo katika kurasa ilizokwisha kuzipitia na kuzihifadhi. Ni kweli kwamba injini za siku hizi hukisia visawe na kurekebisha makosa ya tahajia, lakini kama mtu tunayemhitaji hakuandika lolote linalokaribiana na maneno yetu, na hakuna mwingine aliyeyaandika karibu na jina lake, basi mbele ya injini hiyo mtu huyo hayupo.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kibodi, yafaa tujiulize mtu wa namna hii huacha kurasa gani, nani huziandika, huziandika kwa nia gani, na kwa maneno yapi. Tuchukue mfano mmoja na tukae nao. Tuseme hospitali imetuomba tuitafutie mtaalamu wa kufunga na kuhudumia mashine za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo na mashine za kupumulia. Mtafutaji asiye na uzoefu ataandika "mhandisi vifaa tiba" na kubonyeza. Atakachokiona kwenye ukurasa wa kwanza ni matangazo ya kazi, maelezo ya kozi za vyuo, na tovuti za wauzaji wa mashine. Mtu mmoja mmoja atakuwa nadra sana. Sababu yake ni kwamba cheo ni neno la mwajiri na la chuo. Mfanyakazi mwenyewe, anapoeleza kazi yake, huandika alichokifanya: nilifunga, nilihudumia, nilisimamia, nilipata mafunzo ya mtengenezaji wa mashine fulani. Hutaja aina na modeli ya mashine, jambo ambalo ofisa anayeandika tangazo hulisahau kwa sababu halimsumbui yeye. Ndiyo maana nashauri kwamba, kabla ya utafutaji wowote wa fani tusiyoifahamu, tuketi kidogo na mtu mmoja anayeifanya kazi hiyo, tumwombe aeleze wiki yake ilivyokuwa, na tuandike majina ya vifaa na vitenzi anavyovitumia. Mazungumzo hayo yana thamani kuliko orodha yoyote ya amri.

Baada ya hapo ndipo tunaweza kupanga maneno. Msingi wa mpangilio huu ulitokana na kazi ya mwanahisabati Mwingereza George Boole, aliyefundisha katika mji wa Cork huko Ayalandi na ambaye, mwaka 1854, alionyesha namna hoja za kimantiki zinavyoweza kuandikwa kama hesabu. Kati ya maneno yanayounganisha hoja za namna hiyo sisi tunatumia matatu: AND (na), linalodai maneno yote yawepo, OR (au), linalotosheka na mojawapo, na NOT (si), linalokataa. Wanafunzi wangu wengi hukosea hapo mwanzoni, na wana haki ya kukosea, kwa kuwa katika mazungumzo ya kawaida tukisema "niletee wahandisi na mafundi" tunapanua kundi, ilhali AND hulipunguza kila tunapoliongeza. Katika Google nafasi tupu kati ya maneno hubeba kazi ya AND, OR huandikwa kwa herufi kubwa, na kukataa hufanywa kwa alama ya kutoa iliyogandana na neno linalokataliwa. Mfano wetu sasa unaweza kuandikwa hivi:

("mhandisi vifaa tiba" OR "fundi vifaa tiba" OR "mtaalamu wa vifaa tiba") ("usafishaji damu" OR "mashine za figo" OR "mashine za kupumulia") -ajira

Kundi la kwanza linataja anaitwaje, la pili linataja anafanya nini, na mwisho tumejaribu kuyaondoa matangazo. Lakini tazameni neno la mwisho. Tukikataa "ajira", tutawatupa pia waliotaja mkataba wa ajira au tarehe ya ajira ya kwanza katika wasifu wao, na hao ndio tunaowatafuta. Kinachofaa kukataliwa ni maneno ambayo tangazo haliwezi kuyakwepa na wasifu hauna haja nayo, kwa mfano -"mwombaji awe" au -"mwisho wa kutuma maombi". Kanuni ninayoifuata ni kukataa vifungu vizima vilivyofungwa kwa alama za nukuu, na kuliogopa neno moja lililo peke yake, kwa sababu kosa la kukataa halionekani: injini haituonyeshi ilichokitupa. Vilevile tukumbuke kwamba mtaalamu huandika kwa lugha ambayo fani yake huitumia, kwa hiyo makundi hayo yajazwe vyeo na majina ya mashine kwa kila lugha inayotumika katika soko tunalolitafutia. Msirefushe tu kupita kiasi, kwani Google huyapuuza maneno yanayozidi 32 katika utafutaji mmoja. Utafutaji mfupi wa mara tano wenye dhana tofauti huleta zaidi ya mmoja mrefu unaojaribu kukumbatia kila kitu.

Hatua inayofuata ni kuchagua mahali pa kutazama. Amri ya site: huifunga injini ndani ya tovuti moja, na ndiyo inayotumika sana katika kazi yetu, hasa katika LinkedIn, mtandao wa kijamii wa wanataaluma uliofunguliwa mwaka 2003 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2016. Kurasa za watu binafsi katika mtandao huo zina sehemu ya anwani inayosomeka /in/, wakati za kampuni na za matangazo ya kazi zina anwani nyingine, kwa hiyo tukiandika site:linkedin.com/in kabla ya makundi yetu tunabakiwa na wasifu tu. Pamoja na hayo, injini ya nje huona tu sehemu ambayo mwenyewe ameiacha wazi kwa umma, na tena huiona kama ilivyokuwa siku ilipopita mara ya mwisho. Mtu aliyebadilisha kazi karibuni anaweza kuonekana bado yuko alikotoka.

Amri ya filetype:pdf hutafuta hati. Watu huitumia kunasa wasifu uliowekwa mtandaoni, na huishia kwenye sampuli za jinsi ya kuandika wasifu. Mimi naiona ina faida kubwa zaidi kwingine: katika ratiba za makongamano, orodha za waliohitimu mafunzo ya watengenezaji, ripoti za miradi zinazotaja kikosi cha ufundi, na majarida ya vyama vya kitaaluma. Hizi ni kurasa zilizoandikwa na watu wengine kumhusu mtu wetu, na ndizo zinazotufikisha kwa wale wasiojitangaza. Fundi hodari anaweza kuwa hana ukurasa wowote alioufungua mwenyewe, lakini jina lake limo katika ratiba ya warsha aliyoiongoza. Kwa watengenezaji wa programu hali ni tofauti kidogo, maana kazi zao zenyewe ziko hadharani katika GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana programu, iliyoanza mwaka 2008, na huko mtu anaweza kuchujwa kwa lugha ya programu anayoitumia na mahali anapoishi, ikiwa amepataja.

Nitoe tahadhari fupi kuhusu vitabu na orodha za amri zinazosambazwa. Amri hufa. Alama ya kujumlisha (+), ambayo zamani ililazimisha neno liwepo, iliondolewa na Google mwaka 2011. Alama ya mawimbi (~) iliyotafuta visawe ikafuata mwaka 2013. Na kiungo cha kutazama nakala ya zamani ya ukurasa kiliondolewa mwaka 2024. Orodha nyingi bado zinazifundisha. Ukipewa amri mpya, ijaribu kwa jambo ambalo jibu lake unalijua.

Sasa nije kwenye suala lililo zito zaidi, ambalo mara nyingi huachiwa dakika za mwisho. Maneno tunayochagua huwachagua watu. Mtafutaji anayefunga kwa nukuu neno la Kihispania "ingeniero" (mhandisi), lililo la kiume, na kusahau "ingeniera", anaweza kuwa amewaondoa wanawake wengi bila kukusudia, na hakuna atakayemlalamikia kwa kuwa hawakuonekana tangu awali. Anayeweka mwaka wa kuhitimu anachuja umri. Anayetaja chuo kimoja mashuhuri anachuja hali ya kiuchumi ya familia, kisha anaita matokeo hayo ubora. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon iliachana na mfumo wake wa majaribio wa kupima wasifu, baada ya kugundulika kuwa ulijifunza kutoka kwa wasifu wa zamani, ambao mwingi ulikuwa wa wanaume, na kuushushia alama wasifu uliotaja mambo ya wanawake. Sisi tunaoandika maneno kwa mikono tunaweza kufanya vivyo hivyo polepole zaidi.

Kuna pia swali la faragha. Kwamba ukurasa unaonekana hakumaanishi kwamba mwenyewe ametupa ruhusa ya kuukusanya na kuuhifadhi kwa kazi yetu. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018 inamtaka anayekusanya taarifa za mtu kutoka kwingine amjulishe ndani ya muda usiozidi mwezi mmoja, na kama anazitumia kuwasiliana naye, amjulishe katika mawasiliano hayo ya kwanza. Hata mahali ambapo sheria haisemi hivyo, naona huo ni utaratibu wa kistaarabu. Tukikuta taarifa za afya ya mtu, dini yake, msimamo wake wa kisiasa au uanachama wake katika chama cha wafanyakazi, tusizinakili kwenye jedwali letu hata kama ziko wazi kabisa, na tusiende kuzichimba katika kurasa alizowaandikia ndugu na marafiki.

Ujumbe wa kwanza basi uwe mfupi na useme mambo yafuatayo bila kuzunguka: sisi ni nani, tunamtafutia nani au angalau mwajiri wa aina gani, jina lake tumelipata kwenye ukurasa upi, ni kazi gani mahususi aliyoifanya iliyotuvutia, na afanye nini akitaka tusimtafute tena. Usitumwe kwa baruapepe ya ofisi anakofanya kazi, kwa sababu sanduku hilo huenda likasomwa na wengine na tukamweka pabaya kwa mwajiri wake. Asipojibu, kumkumbusha mara moja kunatosha. Na akituambia tumfute, tufute kila tulichokikusanya juu yake, tubakize jina lake na anwani tuliyomwandikia tu, katika orodha ya wasiotakiwa kutafutwa, ili mwenzetu anayeanza kazi mwezi ujao asimpate upya kwa utafutaji ule ule na kumwandikia kana kwamba hatukuwahi kuzungumza naye.