Povu la plastiki "linalooza": lizike, kisha lipime

Karibuni. Leo tunazika vitu. Hapa mezani nina vipande vya aina nne, na ukitaka kunifuata ukiwa nyumbani, tafuta hivi hivi. Cha kwanza ni povu la wanga, vile vipande vyepesi vinavyojazwa kwenye boksi la kifurushi ili chombo kisivunjike. Cha pili ni sahani ya povu la PLA, plastiki inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki itokanayo na sukari ya mahindi au miwa. Cha tatu mnakijua wote: lile povu jeupe linalokaa pembeni ya televisheni mpya, polistairini. Cha nne si povu, ni kitambaa cha pamba. Huyu ndiye shahidi wetu. Pamba isipooza, mgonjwa ni udongo wako, usililaumu povu.

Umekosa povu la wanga? Chukua bisi, zisizo na mafuta wala chumvi. Sifanyi mzaha. Maji yaliyomo ndani ya punje ya mahindi hugeuka mvuke, wanga unavimba, ukipoa unaganda na vitundu vyake. Hilo ni povu. Kiwandani nako wanga wenye unyevu hupashwa moto na kusukumwa kwenye tundu la mashine, ukitoka nje unafura.

Kabla ya kuzika, tuanze na maji. Tumbukiza kipande cha povu la wanga kwenye glasi, koroga. Mnaona? Linalegea, linakuwa ute, halipo. Hapa ndipo watu hupiga makofi. Ngojeni kwanza. Dondosha tone la iodini, ile ya duka la dawa. Maji yamekuwa bluu inayokaribia weusi, maana yake wanga wote bado umo humu. Haujaoza, umejificha. Nasema hivi kwa kuwa niliwahi kuumbuka: nilizika povu hili bila wavu, masika yakapiga wiki mbili, nikafukua nikakuta shimo tupu, nikatangaza kwa majirani kwamba limeoza. Mvua ilikuwa imeliyeyusha na kulisambaza tu, na siwezi kuapa kwamba sisimizi hawakubeba fungu lao.

Sasa udongo. Chota wa juu, pale panapoota mboga, si mchanga wa ujenzi. Uchekeche utoe mawe na mizizi. Unyevu pima kwa mkono: fumbata, ukishikamana bila kuchuruza maji, basi. Ukilowa chepechepe hewa inakosa njia, na bakteria na kuvu tunaowategemea wanahitaji kupumua.

Kupima uzito kuna kero yake. Povu la polistairini karibu asilimia 98 ya ujazo wake ni hewa, kwa hiyo mizani ya jikoni itakuonyesha sifuri. Pima vipande 10 kwa pamoja, au kaazime mizani ya sonara. Andika namba. Kisha funga kila aina kwenye vipande viwili vya mfuko wa wavu wa vitunguu, maana wavu ule wenyewe hauozi. Chandarua chenye dawa kiache. Zika sentimita 10 chini, chomeka kijiti, andika kwa penseli. Wino hufifia juani.

Huko chini kunatokea nini? Vijidudu havina meno. Vinatema vimeng'enya, vimeng'enya vinakata chakula nje, kisha vijidudu vinafyonza vipande vidogo. Wanga hukatwa na kimeng'enya cha jamii ile ile iliyo mateni mwetu. Tafuna muhogo mkavu muda mrefu utausikia ukianza utamu. Ndiyo maana povu la wanga huwahi. PLA ina ngazi moja zaidi: maji yenyewe ndiyo yanayoanza kuikata minyororo yake mirefu, polepole, na ikishafupika ndipo vijidudu vinakula. Kinachoharakisha ni joto. PLA hulegea kwenye nyuzi 55 hadi 60, na bustani yako haifiki huko. Kwa hiyo soma lebo vizuri. Kipimo cha Ulaya cha mboji, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kitu ioze ndani ya miezi 6, lakini katika joto la mboji ya kiwandani, takriban nyuzi 58. Anayeuza sahani hiyo hadanganyi. Mnunuzi ndiye anayeitupa shambani akidhani itatoweka kabla ya mavuno. Polistairini usiisubiri. Itamomonyoka kuwa chembe nyeupe, basi.

Ushahidi wa kweli wa kuoza ni pumzi, yaani kaboni dioksidi. Chukua chupa mbili za mdomo mpana, tia udongo kiasi sawa, moja iongezee povu la wanga. Koroga chokaa kwenye maji, iache ituame, mimina maji ya juu yaliyo maangavu kwenye vikombe viwili vidogo, kimoja ndani ya kila chupa. Linda macho, chokaa inaunguza. Funika. Utando mweupe utatanda juu ya maji: kaboni dioksidi imekutana na chokaa. Udongo mtupu nao unapumua, kwa hiyo tazama tofauti ya chupa hizo mbili. Maabara zinazofuata kipimo cha kimataifa cha kuoza kwa plastiki udongoni, ISO 17556, hufanya hesabu ya namna hiyo hiyo kwa vyombo makini, hata kwa miaka 2. Sisi tutafungua kila siku ya tatu, hewa iingie, na chokaa tubadilishe.

Jambo moja kwa wenye mboga: usizike povu la wanga jingi karibu na mchicha. Vijidudu vikishiba wanga hutafuta naitrojeni, na huichukua kwenye udongo ule ule. Majani yatageuka manjano. Changanya na samadi.

Fukua wavu wa kwanza wa kila aina baada ya wiki 2, wa pili wiki ya 8. Suuza taratibu, anika siku mbili, pima. Ule wa pili wa PLA tu nitauacha mpaka utimize miezi 6, halafu nitauhamishia kwenye biwi la mboji lenye moto.