Mota Inayotoa Cheche: Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Kaboni

Ndugu watazamaji, karibuni. Video hii inahusu cheche zinazoonekana kwenye matundu ya hewa ya grainda, drili, randa ya umeme, blenda na mashine nyingine ndogo zenye mota ya kaboni, yaani vile vipande vidogo vinavyosugua sehemu inayozunguka na kuipelekea umeme. Hapa Tabora, mafundi seremala wanaochana mninga na mkurungu hukutana na tatizo hili mara kwa mara, hasa wakati wa kiangazi, kwa sababu feni ndogo iliyo ndani ya mashine huvuta vumbi la mbao pamoja na vumbi la barabarani na kulirundika mahali ambapo halitakiwi kabisa. Wengi wetu tumezoea kukimbilia duka la vipuri, kununua jozi ya kaboni na kuichomeka. Kuna wakati mashine inapona. Kuna wakati kaboni mpya zinaliwa ndani ya juma moja, na mwenye mashine anaambiwa kwamba aliuziwa feki. Huenda ni kweli, kwa kuwa feki zipo. Lakini kaboni mpya, hata iwe bora namna gani, haiwezi kuponya amecha (sehemu ya mota inayozunguka, yenye koili za waya) iliyoungua wala beringi iliyolegea.

Mezani nina mashine mbili: grainda ya diski ya milimita 115 kutoka karakana ya milango, na blenda ya nyumbani. Zote ni za volti 230, zote zinatoa cheche, ila sababu zake ni tofauti, kama mtakavyoona.

Kabla ya yote, chomoa plagi kwenye soketi. Kuzima swichi ya mashine peke yake hakutoshi, kwa kuwa swichi nyingi za mashine hizi hukata waya mmoja tu, na waya wa pili unaweza kubaki na umeme. Kama ni drili ya betri, toa betri. Jambo la pili ni kuhakikisha kwamba mashine yako kweli ina kaboni. Feni ya mezani, friji na pampu nyingi za maji hutumia mota ya aina nyingine isiyo na kaboni. Ukiona cheche humo, tatizo ni waya uliolegea, swichi au kapasita, na maelekezo ya video hii hayatakufaa.

Sasa tazameni ndani ya grainda. Pete hii ya shaba inaitwa komyuteta. Imegawanyika katika vipande vyembamba, na kati ya kipande na kipande kuna maika inayozuia umeme usivuke. Kaboni mbili zinaigusa pete hii kutoka pande mbili zinazoelekeana, na kila kipande kimefungwa kwenye koili za amecha. Mashine inapozunguka, kaboni huhama kutoka kipande kimoja kwenda kinachofuata, na umeme uliokuwa ukipita kwenye koili hulazimika kugeuza mwelekeo wake kwa muda mfupi mno. Koili haipendi kugeuzwa ghafla namna hiyo, na nguvu iliyobaki ndani yake hutoka kama cheche kwenye ukingo wa kaboni. Kwa hiyo cheche kidogo ni jambo la kawaida katika mota za aina hii, na anayekuahidi kuziondoa zote anakudanganya.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuzitazama cheche zenyewe. Toa diski, vaa miwani ya kazi, kaa kivulini, na hakikisha kwamba karibu yako hakuna petroli, thina, jiko la gesi wala rundo la vumbi la mbao. Chomeka plagi, washa mashine kwa sekunde chache bila mzigo, huku ukichungulia kupitia matundu ya hewa. Nukta ndogo za buluu zinazokaa pale pale chini ya ukingo wa kaboni ni dalili ya mota yenye afya. Cheche kubwa za rangi ya njano au ya chungwa, zinazorukaruka bila mpangilio, huashiria kaboni iliyokwisha, springi dhaifu au uso wa komyuteta ulioharibika. Na zikionekana upande mmoja tu, anza uchunguzi wako kwenye upande huo. Lakini ukiona moto unaozunguka komyuteta nzima kama pete, zima mara moja na usiwashe tena kwa kujaribu, kwa sababu hapo kuna koili iliyokatika au vipande vya shaba vilivyopigana shoti, na kila sekunde unayoongeza inaunguza kilichobaki.

Tukisha kuziona cheche, tunachomoa tena plagi na kutoa kaboni. Kwenye grainda hii kuna vifuniko viwili vya pembeni vinavyofunguliwa kwa bisibisi bapa. Mashine nyingine hulazimu kufungua kava ya nyuma. Weka alama ya kalamu inayoonyesha kaboni ipi ilikuwa upande upi na uso upi ulikuwa juu. Kaboni iliyotumika imekwisha kujichonga kufuata mviringo wa komyuteta, na ukiirudisha ikiwa imegeuzwa, itagusa kwa ncha tu na cheche zitaongezeka, jambo linalowafanya watu wengi waamini kwamba wameharibu mashine kwa kuifungua.

Naisogeza kamera karibu. Kaboni hii ya kushoto imebaki na urefu wa milimita 5 hivi, na ukingo wake umemeguka. Ya kulia ni ndefu karibu mara mbili. Zinapopishana kiasi hiki, usifurahi kwamba moja bado ina maisha, kwa sababu maana yake ni kwamba haikuwa ikishuka sawasawa. Nikiisukuma hii ndefu kwa kidole ndani ya nyumba yake, inakwama: hapa pamejaa unga mwekundu wa mninga uliochanganyika na unga mweusi wa kaboni. Springi yake nayo imebadilika rangi kwa joto na imelegea. Kaboni isiyokandamizwa vizuri hurukaruka juu ya shaba kama gurudumu la baiskeli kwenye barabara ya matuta, na kila inaporuka inaacha pengo ambalo umeme hulivuka kwa cheche.

Safisha nyumba ya kaboni kwa brashi kavu mpaka kaboni iteremke kwa uzito wake yenyewe bila kuyumba. Vumbi la mninga huwasha pua na kifua, kwa hiyo vaa barakoa kabla ya kulipuliza. Usioshe ndani ya mota kwa petroli, ingawa nimeona wengi wakifanya hivyo; mvuke wake hubaki ndani, na cheche ya kwanza utakayowasha ndiyo itakayoulipua. Dawa ya kusafishia vifaa vya umeme au spiriti iliyoachwa ikauke kabisa inatosha.

Unaponunua kaboni, nenda dukani na ya zamani mkononi. Upana na unene lazima viwe sawa, na kama kuna namba iliyogongwa ubavuni, itafute hiyo hiyo, kwa sababu kaboni hutofautiana ugumu hata zinapolingana umbo. Ikiwa iliyopatikana ni kubwa kidogo, unaweza kuipunguza kwa kuisugua juu ya msasa uliotandikwa kwenye kioo, polepole, ukihakikisha pembe zinabaki mraba. Ile mbinu ya kuchonga kaboni kutoka kwenye betri kuukuu za tochi siishauri hata kidogo, kwa kuwa kaboni hiyo haikutengenezwa kwa kazi ya kusugua shaba, na utaokoa pesa kidogo kisha upoteze amecha.

Tunafika kwenye komyuteta, na hapa naomba tusiharakishe. Izungushe kwa mkono ukiitazama kipande kwa kipande. Rangi ya kahawia inayong'aa kidogo ni utando mzuri unaojijenga wenyewe na kulainisha msuguano. Usiusugue uking'ang'ania shaba ing'ae kama mpya. Ukiona weusi wa masizi, chukua msasa laini wa namba 400, uzungushie komyuteta, kisha uzungushe amecha ndani yake mpaka weusi utoke. Usitumie msasa wa kitambaa wa kusugulia chuma, kwa maana chembe zake ngumu hujichomeka kwenye shaba na kuendelea kuila kaboni. Mifereji kati ya vipande lazima iwe wazi, na maika iwe chini ya uso wa shaba. Kwa kazi hiyo kipande cha msumeno wa chuma, kilichopunguzwa unene hadi kuingia kwenye mfereji, kinafaa sana. Shaba ikiwa imeliwa na kuacha bonde refu, au kipande kimoja kikiwa kimenyanyuka kuliko vingine, hiyo ni kazi ya mashine ya kukereza, si ya msasa.

Baada ya hapo tunapima. Weka multimita kwenye kipimo kidogo cha omu, yaani cha ukinzani wa umeme, gusanisha ncha zake mbili kwanza ili ujue zenyewe zinasoma kiasi gani, kisha pima kipande na jirani yake, ukiendelea mpaka umalize mzunguko. Usitafute namba fulani maalumu, bali tafuta ulingano: vipimo vyote vinatakiwa kukaribiana sana. Kipimo kikipanda ghafla mahali pamoja, koili ya hapo imekatika au imeachia. Kikishuka kuliko vingine, imepiga shoti. Halafu weka multimita kwenye kipimo kikubwa cha omu, ncha moja kwenye shafti (mhimili wa amecha) na nyingine kwenye kila kipande cha shaba. Hapo hapatakiwi kusoma kitu. Ikisoma, amecha inapiga bodi, yaani umeme unavuja kwenye chuma chake, na mashine hiyo isichomekwe tena kwenye umeme hata kwa majaribio.

Grainda yetu inasoma sawa kwa mzunguko mzima. Blenda ndiyo yenye habari nyingine. Kwenye komyuteta yake, vipande viwili vinavyofuatana vimeungua ukingoni ilhali vingine vyote ni safi, na multimita inaruka juu hapo hapo. Kabla ya kukata tamaa, angalia kwa kioo cha kukuzia mahali ambapo waya wa koili umeshikwa na kijino cha kipande cha shaba, kwa sababu mara nyingi waya huachia pale kwa joto, na fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuulehemu tena. Kwenye hii blenda waya umekatika ndani zaidi. Kusuka amecha ndogo namna hii, yaani kuizungushia waya upya, kwa kawaida hugharimu karibu sawa na blenda nyingine, kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye mali ni kutafuta amecha nzima kutoka kwenye blenda ya aina ile ile iliyokufa kwa sababu nyingine. Chanzo chake nakibashiri: blenda nyingi zimeandikwa zifanye kazi dakika moja au mbili kisha zipumzike, nasi tunazisagisha karanga kavu mpaka kifuniko cha chini kinapata moto.

Usiache kutikisa shafti juu na chini. Ikicheza, beringi imechoka, na hakuna kaboni itakayotulia juu ya komyuteta inayoyumba. Pima pia koili mbili za fildi, zile zilizotulia pembeni. Nazo zinatakiwa kulingana. Fildi yenye shoti hupunguza nguvu ya mashine huku ikiongeza cheche na joto, na watu huilaumu amecha bure.

Liko pia tatizo lisilo ndani ya mashine. Ukitumia ekstensheni ndefu ya waya mwembamba, volti hushuka kabla ya kufika kwenye grainda. Fundi anaona diski haina nguvu, anaikandamiza zaidi, mota inapunguza kasi, feni yake inapoza kidogo, umeme unaopita unaongezeka, na cheche zinakua. Kwa kazi ya karakana, tumia waya wa milimita 1.5 za mraba au zaidi, na uukunjue wote badala ya kuuacha umejizungusha.

Sasa tunairudisha grainda. Kabla ya kufunga kaboni mpya, pitisha kipande cha msasa laini kati ya kaboni na komyuteta, upande wenye chembe ukitazama kaboni, na uzungushe amecha kwa mkono kuelekea upande inakozungukia kawaida, mpaka uso wa kaboni upate mviringo. Puliza unga wote, funga vifuniko, kisha iache mashine izunguke bila mzigo kwa dakika 15 hivi. Cheche zitakuwa nyingi mwanzoni na zitapungua zenyewe. Zima, chomoa plagi, toa kaboni mara moja zaidi na utazame uso wake: kama sehemu inayong'aa imeenea karibu uso mzima, mashine irudi kazini, kama inang'aa upande mmoja tu, rudia msasa na uizungushe tena bila mzigo kabla ya kuigusisha chuma.