Mstari Mwekundu Hauchorewi Mtu wa Kujitolea

Ndugu walimu, pamoja na ninyi mnaoambiwa kila mwezi kwamba si walimu, habari za asubuhi.

Wapo wanaosema asiye na cheti anajitolea tu, si mwajiriwa, kwa hiyo hana la kudai akiachishwa. Nawajibu hao, na nianze na daftari la mahudhurio, kama kawaida yangu. Walionisikia kwingine wanivumilie. Alinijia dada mmoja: kidato cha sita, hana diploma, hana leseni ya kufundisha. Kafundisha Hisabati shule moja ya binafsi miaka sita. Siku hiyo meneja kamwita: "Tumepata mwenye diploma, tunashukuru kwa mchango wako." Basi. Nikamuuliza, mkataba? Hana. Karatasi ya mshahara? "Mzee, mimi nilikuwa napewa posho kwenye bahasha."

Nikamwambia, hebu nielezee asubuhi yako. Akasema anafika, anasaini kwenye daftari, na saa moja na nusu makamu anakuja na rula na kalamu nyekundu, anachora mstari chini ya jina la mwisho. Ukisaini chini ya mstari, bahasha inapungua elfu mbili.

Nusura nianguke kitini. Jamani, nani anamchorea mstari mwekundu mtu aliyekuja kusaidia? Fundi akija kuziba paa la darasa, anasainishwa mahudhurio? Mjomba akija kuwashangilia watoto kwenye mahafali, anakatwa elfu mbili kwa kuchelewa?

Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inasema utachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja tu kipo: unaelekezwa namna ya kufanya kazi, unapangiwa saa, unapewa vitendea kazi, unamtegemea huyo kwa riziki, au umemfanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Kimoja! Dada yetu alikuwa na vipindi 28 kwa wiki, vya dakika 40. Yeye ni mwalimu wa Hisabati, alipiga hesabu mwenyewe hapohapo: zinapita saa 70 kwa mwezi. Chaki ya shule. Zamu ya wiki. Bahasha ikiitwa posho, ikiitwa asante, ikiitwa nauli, inabadilisha nini hapo?

Namwona bwana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua utasema nini: Sheria ya Elimu inakataza mtu asiyesajiliwa wala kupewa leseni kufundisha. Kweli kabisa. Ila katazo hilo linamgusa na aliyemweka darasani. Na sikatai kwamba kukosa sifa kunaweza kuwa sababu ya kuachishwa. Lakini siku unamchukua ulijua hana cheti. Miaka sita yote hakikukusumbua, kimekusumbua leo? Mpe basi notisi, siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na umsikilize kabla hujaamua. Swali la cheti lipelekeni kwa Afisa Elimu. Swali la miaka sita ya bahasha ni la Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Msiyachanganye.

Tena nchi hii si ngeni na jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974 tulichukua vijana waliomaliza darasa la saba tukawaweka mbele ya darasa, wakisomea ualimu kwa redio na kwa posta huku wanafundisha. Walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Tuliwacheka sana, na wengi wetu humu ndio waliotufundisha kusoma. Walioendelea walipandishwa daraja, wakastaafu na pensheni. Waliwekewa njia ya kupita. Huyu wa leo anawekewa bahasha.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilitaka kuzungumzia wanaojitolea shule za serikali, lakini hilo ni gumu zaidi kwa sababu utumishi wa umma una mlango wake, tutaonana chai. Na wenye chini ya miezi sita kazini, ulinzi dhidi ya kuachishwa isivyo halali bado haujawafikia, msidanganywe.

La mwisho, andikeni. Ukiachishwa, fomu namba moja ya Tume unaipeleka ndani ya siku 30. Thelathini, si mwisho wa muhula. Yule dada alikuja kwangu siku ya 43. Ikabidi tuanze na maombi ya kuongezewa muda, na kitu cha kwanza tulichohangaika kukipata ni picha ya lile daftari.