Mashine ya kukata lami na zege: jinsi ya kuichagua na kuitumia salama

Habari zenu mafundi na wote mnaopenda kazi za barabara, karibuni sana. Leo tunashughulika na mashine ya kukata lami na zege, ile unayoisukuma ukitembea nyuma yake. Naipenda mashine hii, sifichi. Kiraka cha barabara kinadumu au kinabanduka kutegemea kingo zake, na ukingo ulionyooka na kusimama wima huupati kwa sururu. Unaupata kwa diski.

Tuanze na kuchagua. Wengi wakifika kununua au kukodi wanauliza injini kwanza. Anza na mambo mawili: unakata nini, na unataka diski izame kiasi gani.

Hesabu ya kina ni hii. Chukua kipenyo cha diski, gawa kwa mbili, kisha toa nusu ya kipenyo cha flenji, yaani zile sahani mbili za chuma zinazoibana diski katikati. Diski ya milimita 350, nusu yake ni 175. Flenji hii hapa ina milimita 110, nusu yake 55. Inabaki 120. Hicho ndicho kina chako, na hesabu pungufu kidogo kwa sababu diski inalika kadiri unavyokata. Diski ya milimita 450 kwa flenji hiyo hiyo inakupa 170. Kwa hiyo kama lami yako ina unene wa milimita 80 au 100, diski ya 350 inakutosha kabisa, na mashine yake ni nyepesi kuigeuza. Mashine za kubeba diski za 350 hadi 450 mara nyingi zina injini ya petroli ya nguvu za farasi 9 hadi 13. Ukivuka 600 unaingia kwenye mashine kubwa, nyingi za dizeli, zinazojisogeza zenyewe.

Na diski isizidi ukubwa ambao kava la mashine limetengenezewa. Mtu akikwambia ondoa kava ili diski kubwa iingie, achana na ushauri huo.

Sasa tuje kwenye diski. Sogeza kamera hapa, nataka wayaone meno. Ukitazama kwa karibu unaona vipunje vidogo vinavyong'aa ndani ya chuma. Hizo ni almasi. Almasi ndizo zinazokata, chuma kazi yake ni kuzishika. Almasi ya juu ikichoka, chuma kinatakiwa kilike kidogo, ile iliyochoka idondoke, mpya ichomoze. Ukielewa hapo, umeelewa diski zote. Lami, na zege bichi ambalo mchanga wake haujashikana sawasawa, zinasugua sana. Zinakula chuma haraka, kwa hiyo zinahitaji diski yenye chuma kigumu. Zege lililokomaa lenye kokoto ngumu halisugui kiasi hicho, kwa hiyo linahitaji diski yenye chuma laini, ili almasi mpya zipate kutoka. Yaani kitu kigumu, chuma laini. Kitu cha kusugua, chuma kigumu. Ukibadilisha, ukakata lami kwa diski ya zege gumu, meno yataisha ukiyaona. Ukakata zege gumu kwa diski ya lami, itang'aa, itapata moto, haitasogea hata usukume vipi. Ikikufanyia hivyo usiongeze nguvu. Pitisha diski mara chache kwenye tofali la mchanga linalosugua, almasi zitafunguka, urudi kazini.

Diski ya lami ina kitu kingine ninachokipenda. Ona meno haya mawili matatu yaliyoshuka chini kuliko wenzake. Mchanga unaolegea kwenye mkato unakwangua shingo pale jino linapoungana na sahani ya diski yenyewe. Haya marefu yanailinda shingo isilike, jino lisije kuchomoka.

Soma pia mizunguko. Kwenye diski pameandikwa mizunguko ya juu kabisa kwa dakika, na lazima iwe mikubwa kuliko ya shafti ya mashine yako. Diski ya 350 ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, meno yanapita mita 51 kwa sekunde, sawa na kilomita 185 hivi kwa saa. Jino likichomoka kwa mwendo huo, kinachokulinda ni kava.

Kufunga. Injini imezimwa na waya wa plagi umechomolewa. Kagua diski: ufa, jino lililopungua, sahani iliyopinda, chochote kati ya hivyo inatupwa. Mshale wa diski ufuate mzunguko wa shafti. Nati za baadhi ya shafti zinafunguka kinyume na ulivyozoea, kwa hiyo angalia kitabu cha mashine kabla ya kuning'inia kwenye spana.

Halafu futa flenji. Futa pande zote mbili, na futa shafti. Chembe moja ya mchanga ikibaki kati ya flenji na diski, diski inakaa upande, inayumba, mkato unakuwa mpana, na sahani inachemka. Wengi wanaruka hatua hii kwa sababu kwa macho diski inaonekana imekaa. Pitisha kitambaa, kisha pitisha kidole. Ukisikia kitu chochote kinakwaruza, futa tena.

Mkanda, mafuta, oili, mnajua wenyewe. Mkanda usiwe legelege tu, maana ukiteleza diski inapunguza mwendo ndani ya mkato huku injini ikinguruma vilevile.

Kabla ya kuwasha, jua kilicho chini. Nyaya za umeme, mabomba ya maji, gesi, nyaya za mawasiliano. Ulizia ramani kwa wahusika, pitisha kifaa cha kutambua, weka alama. Weka vibao na koni za kuzuia magari mapema kabla ya pale unapofanyia kazi, siyo pale pale miguuni. Vaa kinga ya masikio, miwani, buti za chuma, kizibao kinachoonekana. Nguo isipepee. Na mashine ya petroli usiiwashe sehemu iliyofungika, moshi wake una kaboni monoksidi, haina harufu na inaua.

Mstari. Usipige chaki, maji ya mashine yataiosha kabla hujafika katikati. Piga uzi, kisha fuata kwa rangi ya kupuliza. Shusha kile kidole cha mbele cha kuelekezea, kilingane na mstari na diski.

Sasa sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wanapoharibu. Diski iwe juu, haigusi chochote, ndipo unawasha. Acha injini ishike mwendo. Fungua maji, subiri uyaone yakitiririka pande zote mbili za diski. Halafu zungusha usukani wa kushushia taratibu. Taratibu! Usiidondoshe. Diski inagusa, sikia mlio ulivyobadilika... hapo. Injini isizame. Mpito wa kwanza nenda milimita 25 au 30 tu. Mfereji huu mdogo ndio utakaoongoza mipito mingine yote. Mpito wa kwanza ukinyooka, kazi nzima imenyooka.

Natembea. Mikono imelegea kwenye vishikio, nimesimama pembeni ya mstari wa diski, siyo nyuma yake. Hakuna mtu mbele, hakuna mtu nyuma ya diski. Mashine inaenda kwa mwendo wake...

Subiri. Subiri, rudisha kamera kwenye diski. Umeona hilo vumbi? Maji yamekata. Nainua diski, nimezima. Haya, gurudumu la nyuma limekanyaga mpira wa maji. Nautoa, naupitisha juu ya kishikio. Video hii siikati, nataka mlione vumbi hilo, maana ndani yake mna silika, madini yaliyomo kwenye mchanga na kokoto. Vumbi jembamba la silika linaingia ndani kabisa ya mapafu na kuleta silikosisi, ugonjwa usio na tiba ya kuuondoa. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka silika ya aina hiyo mwaka 1997 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Marekani, kwa kanuni yao ya mwaka 2016, kiwango cha juu kwa mfanyakazi ni mikrogramu 50 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8. Mikrogramu 50 huzioni kwa macho. Sasa lile wingu tuliloliona hapa sekunde chache zilizopita fikiria lilikuwa na kiasi gani. Maji yakikata, unasimama. Barakoa peke yake haikurudishii maji.

Tunaendelea. Nimerudisha diski kwenye mkato ikiwa imenyooka na mfereji. Sasa mpito wa pili, nashuka hadi 60, na wa tatu hadi 100.

Angalia, mashine inavuta upande. Ni kawaida, diski iko upande mmoja wa mashine kwa hiyo inavuta. Usiirudishe kwa kupindisha vishikio! Diski ikiwa ndani ya mkato haipindwi. Ukiipinda, sahani inakunjika, inabanwa, meno yanachanika. Punguza mwendo, sukuma kidogo kidogo, na mashine nyingi zina skrubu ya kurekebisha ekseli ya nyuma. Simama, inua, rekebisha, rudi. Narudia kwa sababu mkono wenyewe unatamani kupinda: diski ndani ya mkato haipindwi. Mkunjo wa barabara nao unaukata kwa mistari mifupi iliyonyooka.

Kwenye pembe za kiraka, kumbuka diski ni duara. Juu mikato miwili imeshakutana, chini bado. Usipitilize sana ili kufikia chini, mkato uliopitiliza ndio njia ya maji kuingia kwenye lami nzima. Mimi napitiliza kidogo tu, kilichobaki namalizia kwa patasi na nyundo.

Na kwa wale wanaokata viungo vya zege jipya, yaani mikato ya kuliongoza zege lipasukie hapo: kina ni robo ya unene wa zege. Zege la milimita 200, kata 50. Jaribu kwanza kipande kifupi. Kokoto zikichomoka kwenye kingo, ni mapema, subiri kidogo. Lakini usilale, zege lisipokatwa litajichagulia lenyewe pa kupasuka.

Nimemaliza. Inua diski, acha izunguke kidogo na maji yakitiririka ipoe, funga maji, zima. Petroli usiongeze injini ikiwa ya moto. Tope hili usilisukumie kwenye mtaro. La zege lina ukali wa magadi, linaunguza ngozi na linaharibu maji, na likikauka linarudi kuwa vumbi lile lile. Lizuie kwa mchanga, lichote likiwa bado bichi, hata buti zioshe kabla hujazivua. Diski ivue, ikaushe, itundike. Usiiegemeze ukutani ikapinda. Video ijayo tunabomoa kipande hiki katikati ya mikato na kujaza kiraka, na nitawaonyesha namna ya kupaka lami ya kunatisha kwenye kingo tulizokata leo.