Unanunua Prado ya zamani Zanzibar? Ingia uvunguni kwanza

Assalam aleykum jamani, karibuni. Leo tupo Mwanakwerekwe na hii hapa nyuma yangu mnaiona ni Prado, zile za zamani za 1996 mpaka 2002, mwenyewe anaiuza na katuruhusu tuipekue mbele ya kamera, kwa hiyo twende hatua kwa hatua, na hata kama weye unatafuta Escudo au RAV4 au Land Cruiser kubwa, mengi ni haya haya.

Sasa sikilizeni, usianze na rangi, wala siti, wala kilomita za kwenye dashibodi. Kilomita mtu anazirudisha nyuma akiwa anakunywa chai. Na kisiwa chenyewe urefu wake hakifiki hata kilomita mia, gari za kwetu haziuliwi na kilomita, zinauliwa na chumvi. Injini ikifa utapata nyengine ya mtumba, giaboksi vivyo hivyo, lakini chesisi, yaani ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, ikiliwa na kutu basi umenunua chuma chakavu chenye redio.

Kwa hiyo ya kwanza, uvunguni. Tandika boksi, chukua tochi na nyundo ndogo au bisibisi, ulale. Usiingie chini ya gari iliyopandishwa kwa jeki tupu, Prado ipo juu ya kutosha unapita bila jeki. Yakhe sogeza taa huku, enhe, hapo hapo. Huu ndio mhimili wa chesisi, unapita kulia na kushoto kutoka mbele mpaka nyuma, unaugonga gonga taratibu kila sehemu, chuma kizima kinalia kweli kweli, chuma kilicholiwa sauti yake inakufa na bisibisi ikigusa inamega maganda. Usichoke ukaishia katikati, kwa sababu kutu mbaya inapenda nyuma, pale juu ya ekseli na pale zinapofungwa springi na zile mikono za kushikilia ekseli, mchanga na maji ya pwani vinajikusanya mle ndani ya chesisi na havitoki. Tizama hapa, hii ya huyu bwana ina kutu ya juu juu tu, unaikwangua chini yake chuma kipo, hii haina neno. Ila hapa upande wa kushoto nyuma pamewahi kuchomelewa, mnaiona hiyo alama? Kuchomelea si dhambi, lakini uulize kwa nini, na uitie kwenye bei.

Na ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi inanukia, mie naogopa zaidi kuliko nikikuta kutu. Mtu hapaki uvungu wa gari anayoiuza kwa mapenzi tu.

Muulize pia gari ilikuwa inafanya kazi gani. Gari iliyokuwa inavuta boti Nungwi, au inakodishwa wageni wanaoingia nayo mchangani Paje na Jambiani maji yakitoka, hiyo imekula chumvi, na wa kukodi hana habari ya kuiosha chini kwa maji ya mfereji. Gari ya mjini ya mzee wa kwenda msikitini na sokoni ni habari nyengine kabisa.

Wenye RAV4 za kwanza kwanza, zile za 1994 mpaka 2000, nyie hamna chesisi ya kugonga, bodi ndiyo chesisi, kwa hiyo nyie angalieni vizingiti vya chini ya milango na pale suspenshani ya nyuma inaposhika bodi. Escudo za toleo lile la 2005 nazo chesisi imeungwa humo humo ndani ya bodi, kwa hiyo pakioza hakuna cha kubadilisha.

Bado tupo chini, msinyanyuke. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mhimili wa kulia mbele, karibu na tairi, paka mate kidole ufute tope uisome, uipige picha, tutaihitaji kwenye kadi ya gari. Halafu difu, yale maboksi ya gia kwenye ekseli, ya mbele na ya nyuma, mwambie fundi afungue ile nati ya kujazia oili, atie kidole, oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia, gari imezamishwa mahali. Na hiyo boksi ya foo wili, ya kuvuta kwa magurudumu yote manne, iliyopo nyuma ya giaboksi itizameni kama inavuja.

Ya pili, injini, na hapa kuna sharti moja, injini iwe baridi. Mwambie mwenye gari tangu jana, "kaka nakuja asubuhi usiiwashe." Ukifika weka mkono kwenye boneti, ukiikuta ya moto ondoka urudi siku nyengine, maana gari inayosumbua kuwaka asubuhi inapashwa moto kabla mnunuzi hajafika, mchezo wa siku nyingi huo.

Hizi Prado za dizeli nyingi zina injini ya 1KZ-TE, lita 3 na turbo, injini tamu, ila ugonjwa wake unajulikana dunia nzima, silinda hedi, yaani kile kifuniko cha juu cha injini, kupasuka ikishachemka. Kabla hujawasha bonyeza ule mpira mnene wa juu wa rejeta, gari imelala usiku kucha mpira unatakiwa uwe laini, ukiukuta mgumu umejaa pumzi, hedi hiyo au gasketi. Fungua rejeta (ikiwa baridi tu jamani, ikiwa moto itakubabua uso), maji yawe na kulanti (ile dawa ya rangi ya rejeta), yasiwe ya kutu wala yasielee mafuta. Washa kifuniko kikiwa wazi, mapovu mawili matatu mwanzo sawa, yakiendelea kutoka tu hayakomi, mshukuru mwenye gari uende zako.

Moshi nao. Dizeli ikiwaka asubuhi kamoshi kepesi kanatoka na kanakata, hakana shida. Wa bluu inakula oili, mweupe usiokata huenda inakula maji, mweusi mwingi ukikanyaga mafuta ni nozeli za kupulizia dizeli au pampu au turbo, na pampu ya 1KZ ni ya umeme, bei yake kaulize kwanza. Ukiona taa ya T-BELT inawaka kwenye dashibodi, beliti ya taimingi imefikia wakati wa kubadilishwa. Wenye Prado ya petroli V6 ya 3.4 na nyie mna beliti, ile ya 2.7 ina cheni.

Sasa kitu watu wa Unguja hawakifikirii. Kwetu huku ni tambarare, gari yenye hedi mbovu inaweza kuzunguka mjini mwaka mzima haikuoneshi kitu, siku umeivusha Pemba unapanda vilima vya Mkoani kwenda Chake umepakia na watu ndani, mshale wa joto la injini unapanda. Kwa hiyo jaribu yako isiwe mzunguko wa mtaa. Washa AC mpaka mwisho, kaa nayo kwenye foleni ya Darajani saa ya watu wengi, halafu kaipandishe Masingini, jicho kwenye mshale. Ukirudi tizama tena rejeta, maji yamepungua?

Ya tatu, hiyo foo wili yenyewe, maana ndiyo unayoilipia. Wengi wanauziwa foo wili ambayo mkono wake haujaguswa miaka, umeganda. Nenda kwenye kiwanja cha mchanga au majani, usifanye haya kwenye lami. Kwenye hii Prado mkono una H, HL, N na LL. H magurudumu yote yanavuta, HL inafunga difu ya kati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, na taa inawaka kwenye dashibodi, isipowaka pale pale usibishane nayo, itembeze mita kadhaa mbele na nyuma. LL ni ile nzito ya kupandia, simama kabisa, tia N kwenye giaboksi, ndio uivute, gari itatambaa pole pole na nguvu nyingi. Mikwaruzo au kuruka gia, hapana. RAV4 za zamani hazina hiyo LL, kwa hiyo mtu akikwambia RAV4 yake inapanda kama Land Cruiser mwache aseme.

Hapo hapo kata usukani mpaka mwisho, zunguka kulia, zunguka kushoto, ukisikia ka-ka-ka-ka mbele ni CV jointi, viungo vya ekseli za tairi za mbele. Ukiachia na kukanyaga mafuta ukasikia "du!" chini, ni misalaba ya propela, ile shafti ndefu ya chini. Hivi vyote vinatengenezeka, ni vya kupunguzia bei tu.

Tairi zote nne ziwe saizi moja na zimelika karibu sawa, maana kwa gari ambayo foo wili yake ipo muda wote, tairi tofauti zinaichosha difu ya kati. Soma namba nne za mwisho wa DOT, ile alama ya ubavuni mwa tairi, ikiwa 3519 ni wiki ya 35 ya 2019.

Ndani haraka haraka. Vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, ukikuta tope au ukungu kule ndani gari imeingia maji, nyanyua na zulia unuse.

Mwisho kadi. Ile picha ya namba ya chesisi ilingane na kadi, jina la kwenye kadi lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, akisema "ya shemegi yangu yupo Oman" basi ampigie simu huyo shemegi mbele yako na aoneshe idhini ya maandishi. Kama una nia ya kuihamishia Dar na ina namba za Z, za Zanzibar, kaulize mambo ya kodi kabla, si ukishafika bandarini. Na pesa inatoka siku mnayokwenda pamoja kubadilisha jina, kabla ya hapo utakachotoa ni amana ndogo tu, kwa karatasi na mashahidi.