Pua Haitoshi: Kupima Salfaidi Palepale Ilipo

Baba na mama, na ninyi wanafunzi wa kemia mliojibana kule nyuma, karibuni.

Moshi wa salfa Lubumbashi inaujua tangu 1911, tanuru la shaba lilipoanza kazi. Kaskazini-magharibi, upepo unakoupeleka, miti ilikauka, ardhi ikabaki wazi. Ile ni dioksidi ya salfa. Inawasha koo, kwa hiyo mtu anakimbia mwenyewe. Mimi leo nina neno juu ya hidrojeni salfaidi.

Gesi hii huzaliwa asidi inapokutana na salfaidi, yaani salfa iliyoungana na metali, na vyote viwili vinapita barabarani kwetu kwa malori: asidi ya salfuriki ya kuyeyushia shaba na kobalti, na sodiamu haidrosalfaidi ya kusaidia madini ya oksidi kuelea yatenganishwe na mawe. Gesi yenyewe ni nzito kuliko hewa, hulala chini, mashimoni na ndani ya matangi. Ikiwa kidogo inanuka mayai viza. Ikifika karibu sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi, mtu anadhani gesi imeondoka. Anayeshuka kumwokoa anaangukia palepale.

Basi tunatafuta kitu kisichochoka kunusa. Gesi hii huyeyuka majini pia, na humo tunaweza kuipima kwa umeme. Sensa ya elektrokemia ina elektrodi tatu, yaani vipande vya kupitishia umeme. Ukiipa volti inayofaa, salfaidi iliyo majini inaachia elektroni, na mkondo wa umeme unakua kadiri salfaidi ilivyo nyingi. Tatizo ni kwamba salfa inayotokea hapo inaigandia elektrodi kama masizi kwenye sufuria, nayo inaacha kuhisi. Chembe za nano za dhahabu zinapunguza volti inayohitajika na kupanua uso wa kazi: sentimita moja ya ujazo ukiikata vipande vya nanomita 10 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), eneo lake linatoka sentimita 6 za mraba hadi mita 600 za mraba. Hazimalizi tatizo, maana dhahabu yenyewe hung'ang'aniwa na salfa. Ndiyo sababu napendelea elektrodi zilizochapwa kwenye plastiki: unapima, unatupa.

Watafiti wanashindana nani ataona kiasi kidogo zaidi. Hilo kwangu si la kwanza. Maji ya migodi yetu yana shaba, na shaba hukamata salfaidi ikawa tope jeusi. Hewa nayo inaimaliza iliyobaki. Ukiyachota kwenye chupa bila kuyatia dawa ya kuishika, labo itakuandikia "hakuna", nawe utaamini! Afadhali kifaa kiende mtoni. Na pH, kipimo cha uasidi wa maji, iandikwe: chini ya 7 salfaidi nyingi ni gesi iliyo tayari kutoka, juu yake nyingi ni ioni, chembe zenye chaji zinazobaki majini.

Mwanafunzi anayetaka kuanza, atie kiasi cha salfaidi anachokijua kwenye maji safi yaliyotoneshwa, si ya bomba, kwa sababu klorini itamharibia. Kisha kiasi kilekile kwenye maji ya mto. Akipata nusu tu, asiilaumu sensa kwanza. Apime shaba.