Ua la Wiki Moja: Kupanga Safari ya Japani Majira ya Sakura

REHEMA: Karibuni tena. Leo tuko Japani, majira ya kuchipua, na kwa wasafiri wengi hilo ni neno moja tu: sakura, maua ya mcheri. Baraka, tuanze na tarehe, maana hapo ndipo watu wanapopoteza hela.

BARAKA: Wanapoteza kwa sababu wanakata tiketi ya ndege kwanza, halafu ndiyo wanauliza maua yanachanua lini. Mti wenyewe hauna subira hiyo. Kutoka ua la kwanza mpaka mti kujaa ni wiki moja hivi, na ukishajaa una kama wiki nyingine ya kuutazama. Ikipita mvua moja yenye upepo hapo katikati, unabaki na majani mabichi.

REHEMA: Na mji mzima unachanua kwa mpigo mmoja.

BARAKA: Kwa sababu ni kama mti mmoja. Aina iliyojaa kwenye bustani za miji, Somei Yoshino, haioteshwi kwa mbegu. Inabebeshwa, kama tunavyobebesha maembe: unachukua kikonyo cha mti unaoutaka, unakifunga kwenye shina la mti mwingine. Kwa hiyo mti wa Tokyo na mti wa Kyoto ni nakala ileile. Joto likifika kiwango chake, mtaa mzima unaitika pamoja. Ndiyo maana inapendeza vile, na ndiyo maana aliyechelewa hakosi nusu, anakosa yote.

REHEMA: Habari za huko zina maneno mawili ya kuyajua. Wakala wa Hali ya Hewa wa Japani una miti yake ya kielelezo. Wa Tokyo uko ndani ya hekalu la Yasukuni. Ofisa anasimama chini ya mti, anahesabu kwa macho. Maua matano au sita yakishafunguka anatangaza *kaika*, yaani yameanza. Asilimia 80 ya vitumba ikishafunguka, hiyo ni *mankai*, mti umejaa.

BARAKA: Mgeni anasikia kaika, anavaa viatu anakimbia bustanini. Anakuta matawi makavu yenye vidoti vya waridi, na maua matano juu ya mti mzima!

REHEMA: Kaika ni siku ya kuanzia kuhesabu. Ongeza wiki moja ndiyo uende. Hali ikiwa ya baridi, ongeza hata siku kumi.

BARAKA: Wastani wa miaka 1991 mpaka 2020 unasema hivi: Tokyo kaika ni Machi 24, mankai Machi 31. Kyoto Machi 26, mankai Aprili 4. Sapporo, kule kaskazini, Mei 1. Lakini wastani haukuhakikishii kitu. Mwaka 2023 Tokyo ilianza Machi 14, na mwaka 2024 ikaanza Machi 29. Siku kumi na tano za tofauti kati ya mwaka na mwaka.

REHEMA: Kuna hesabu ya kienyeji ambayo Wajapani wenyewe huitumia. Kuanzia Februari 1, unajumlisha joto la juu kabisa la kila siku. Jumla ikikaribia nyuzi 600, mti wa Tokyo unakaribia kufunguka. Ukiwa bado nyumbani unaweza kuifanya kwa programu yoyote ya hali ya hewa, na ikifika katikati ya Machi utajua kama mwaka huu unawahi au unachelewa.

BARAKA: Tahadhari moja. Majira ya baridi yakiwa ya uvuguvugu, maua si lazima yawahi. Kitumba kinahitaji baridi ya kutosha ili kiamke usingizini. Kikikosa baridi hiyo kinachelewa au kinachanua vipande vipande.

REHEMA: Sasa, mtu ana likizo ya siku kumi, tiketi ameshakata. Afanyeje?

BARAKA: Aache kupanga kwa mji, apange kwa ngazi. Ngazi ziko tatu: kusini kwenda kaskazini, bondeni kwenda mlimani, na aina inayowahi kwenda inayochelewa. Tuseme amefika Tokyo Aprili 8 na petali zimeshalala chini. Bado hajakosa kitu. Anashuka upande wa Kyoto, anakwenda hekalu la Ninna-ji. Pale kuna mcheri mfupi unaoitwa Omuro, maua yako usawa wa uso, na kwa kawaida huchelewa mpaka katikati ya Aprili. Osaka, kwenye kiwanda cha kutengeneza sarafu cha serikali, kuna njia ya mita 560 yenye micheri ya petali nyingi nyingi. Hufunguliwa kama wiki moja tu, katikati ya Aprili, kwa hiyo angalia mapema kama mwaka huo wanataka ubuku.

REHEMA: Ngazi ya mlima, usiipite juujuu.

BARAKA: Mlima Yoshino, mkoa wa Nara. Kwangu ndio wa kwanza, hata kabla ya Kyoto. Ni miti kama 30,000, na mingi si Somei Yoshino, ni *yamazakura*, mcheri wa milimani. Kuitofautisha ni rahisi: Somei Yoshino hutoa ua kwanza, jani baadaye, yamazakura hutoa ua pamoja na jani changa jekundu-kahawia, kwa hiyo ukiwa mbali mlima unaonekana kama moshi wenye rangi. Watu wameipanda kwa karne nyingi kama sadaka, kwa kuwa mti huo ni mtakatifu kwa Zao Gongen, anayeabudiwa pale. Mlima umegawanywa sehemu nne: Shimo senbon chini, Naka senbon kati, Kami senbon juu, na Oku senbon ndani kabisa. Maua yanaanza chini mapema Aprili, yanapanda taratibu mpaka juu. Ukikuta chini yamekwisha, panda. Ukikuta juu bado, shuka. Ni nadra ukose mwezi huo.

REHEMA: Treni?

BARAKA: Panda ya kampuni ya Kintetsu kutoka stesheni ya Osaka Abenobashi, ya haraka inachukua kama saa moja na robo, bila kubadilisha. Siti za treni hiyo huisha wikendi za maua, kwa hiyo kata kabla. Kosa la wengi ni kufika saa tano asubuhi: mlima una barabara moja nyembamba, na saa hiyo unatembea kwa hatua za foleni ya benki. Fika saa mbili.

REHEMA: Na kaskazini?

BARAKA: Hirosaki, mkoa wa Aomori, mwishoni mwa Aprili. Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kutoka Tokyo mpaka Shin-Aomori ni saa tatu na ushei, halafu treni ya kawaida kama dakika 40. Ngome yao ina micheri kama 2,600 na kuna kitu cha kiufundi pale. Wajapani wana msemo kwamba anayepogoa mcheri ni mjinga, kwa sababu kidonda cha mcheri huoza upesi. Hirosaki ni nchi ya matufaha, na wanapogoa micheri kwa ujuzi wa matufaha. Matokeo yake kuna mti wa mwaka 1882 unaoendelea kuchanua, na maua ni mazito kuliko kwingine. Petali zikianguka zinafunika handaki la maji la ngome, unaona zulia la waridi linaelea. Kule, kuchelewa siku tatu ni faida.

REHEMA: Ila Hirosaki inagongana na Golden Week, mfululizo wa sikukuu kuanzia Aprili 29 mpaka Mei 5. Nchi nzima iko safarini. Buku hoteli na siti ya treni kabla ya hapo, au usiende.

BARAKA: Tuguse pesa za treni haraka. Ile pasi ya siku 7 ya JR, kampuni za reli za Japani, ilipanda Oktoba 2023 kutoka yen 29,650 mpaka 50,000. Tokyo kwenda Kyoto na kurudi ni kama yen 28,000. Piga hesabu mwenyewe: kwa safari hiyo peke yake pasi ni hasara. Tena tiketi ya siti ukikata, una haki ya kuibadilisha mara moja bila malipo kabla treni haijaondoka, na mtu anayefuata maua anaihitaji sana nafasi hiyo.

REHEMA: Na sanduku. Jumlisha urefu, upana na kina. Likizidi sentimita 160, kwenye shinkansen ya Tokyo kwenda Osaka ni lazima ubuku siti yenye nafasi ya mzigo nyuma yake. Kubuku ni bure. Usipobuku unatozwa yen 1,000. Rahisi zaidi, acha sanduku hotelini walitume kwa *takkyubin*, huduma ya kusafirisha mizigo. Linafika hoteli inayofuata kesho yake, wewe unapanda na begi la mgongoni.

BARAKA: Kuna jambo la viza kwa sisi wa Afrika Mashariki. Viza ya kuingia mara moja ina uhai wa miezi mitatu tangu itolewe. Mtu mwenye haraka anaomba Desemba, anapewa, anafurahi. Aprili ikifika viza imeshakufa. Kwa safari ya mapema Aprili, Februari inatosha.

REHEMA: Sasa tukae chini ya mti. *Hanami*, kutazama maua. Unahitaji turubai, na lile la buluu la duka la yen 100 linatosha. Watu wanne, mita mbili kwa mbili. Chini yake weka boksi lililofunuliwa, kwa sababu ardhi ya Machi ina baridi inayopanda mpaka kiunoni. Wajapani wana neno lake, *hanabie*, ubaridi wa wakati wa maua. Mchana nyuzi 15, jua likizama joto linashuka chini ya kumi. Koti, hata kama picha zote zinaonyesha jua.

BARAKA: Turubai likazie kwa mawe au chupa za maji, si kwa vigingi. Mizizi ya mcheri iko juujuu. Kigingi kinaitoboa, na kukanyagwakanyagwa kunagandamiza udongo mpaka mzizi unakosa hewa. Kwa sababu hiyohiyo utakuta kamba kuzunguka shina. Usiivuke kwa ajili ya picha.

REHEMA: Na usivute tawi, wala usitikise mti ili petali zikuangukie. Hilo limewaudhi wenyeji kuliko kelele.

BARAKA: Viatu vinavuliwa kabla ya kukanyaga turubai, vinapangwa pembeni ncha zikitazama nje. Tuseme ni mkeka wa nyumbani kwa watu: hakuna anayeukanyaga na kandambili.

REHEMA: Taka ndizo zinazowaaibisha wageni. Mapipa ya barabarani ni machache mno. Lile unaloliona karibu na mashine ya vinywaji ni la chupa na makopo tu, usitumbukize boksi la chakula. Beba mifuko mitatu: ya vinavyoungua, ya chupa za plastiki, ya makopo. Bustani ikiwa na sehemu ya taka, mifuko yako iko tayari; isipokuwa nayo, unarudi nayo hotelini.

BARAKA: Kila mahali pana sheria yake. Tokyo, bustani ya Ueno unakaa na kunywa. Bustani ya Shinjuku Gyoen ni kiingilio yen 500, pombe marufuku na mabegi hukaguliwa mlangoni. Kando ya mto Meguro hakuna kukaa, ni kutembea. Halafu jihadharini na saa: wao wanahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo 9:00 ya mlangoni ni saa tatu asubuhi yetu. Kinachochekesha ni kwamba Tokyo iko mbele ya Dar na Nairobi kwa saa sita kamili. Nyumbani wakisema "saa mbili asubuhi", mshale wa saa ya Tokyo uko kwenye mbili, mchana.

REHEMA: Msiisahau chavua. Februari mpaka Aprili ni mierezi ya *sugi*, halafu misonobari ya *hinoki* mpaka Mei. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia walipanda misitu hiyo milimani kwa wingi, na leo inawatoa machozi. Mwenye mzio abebe dawa na barakoa. Ila dawa ya mafua yenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 hairuhusiwi kuingia Japani, hata ukiwa na cheti cha daktari. Soma nyuma ya pakiti kabla ya kufunga begi.

BARAKA: Tumalizie na tumbo. Msimu huu kuna *dango*, madonge ya unga wa mchele, tatu kwenye kijiti, ya waridi, nyeupe na ya kijani. Na kuna *sakura mochi*. Upande wa Tokyo ni chapati nyembamba ya unga iliyokunjiwa maharage mekundu matamu. Upande wa Kyoto na Osaka ni wali wa kunata wa chengachenga, maharage yako ndani. Zote zimefungwa kwa jani la mcheri lililokaa kwenye chumvi.

REHEMA: Kwa asiyekula haramu, vitamu hivyo mara nyingi ni salama kuliko vyakula vya mchuzi, maana *mirin*, kiungo kitamu cha mchele, ina pombe na imo kwenye michuzi mingi. Hata hivyo uliza. Na usitishwe na neno *sake* kwenye *onigiri*, tonge la wali: hapo ni samaki, salmoni, si ile pombe.

BARAKA: Swali la kila mgeni: jani linaliwa?

REHEMA: Linaliwa. Chumvi yake ndiyo inayokata utamu, na harufu yote iko mle. Likikushinda libandue, utie kwenye ule mfuko wa vinavyoungua.